Kwa nini programu nyingi hufia mikononi mwa fundi kabla ya kumfikia mkulima

KILA mavuno yanapofika mkoani Katavi, kuanzia mpunga wa Mwamkulu na Majimoto hadi mahindi na tumbaku ya Mpanda na Mlele, biashara yote huishia kwenye kitu kimoja kidogo: daftari. Humo ndimo mwenye mashine ya kukoboa anamoandika magunia ya watu, mwenye duka la pembejeo anamoandika madeni, na karani wa chama cha msingi anamoandika kilo za kila mkulima. Daftari likilowa, likiibwa, au karani akihama bila kukabidhi, ugomvi huanza.

Ndiyo maana wafanyabiashara wengi hufurahi wanapokutana na kijana aliyesomea kompyuta anayesema atawatengenezea programu ya kuondoa tabu hiyo. Kijana huja na kompyuta yake ndogo, huonyesha ukurasa wenye rangi nzuri, jina la biashara limeandikwa juu na vitufe vinabonyezeka. Kila aliyepo hutikisa kichwa kwa kuridhika. Baada ya hapo wiki hupita, kisha miezi. Mwishowe simu haipokelewi, mwenye mashine anabaki na daftari lake la zamani, na pengine na fedha ya kianzio iliyokwisha kwenda.

Wengi huhitimisha kwamba kijana ni mvivu au tapeli. Matapeli wapo katika kila fani, na hii haina kinga. Hata hivyo, anayechunguza jinsi kazi hii inavyofanyika ataona kwamba sababu kubwa iko kwingine. Kazi ilianzishwa ikiwa kubwa mno, ikabebwa na mtu mmoja, na hapakuwa na mtu yeyote aliyekuwa akiisubiri kwa matumizi ya siku inayojulikana. Habari njema ni kwamba katika mambo hayo matatu, mkulima na mfanyabiashara ana nguvu ya kubadilisha angalau mawili.

Si ugonjwa wa Mpanda peke yake

Kwanza ieleweke kwamba kuacha programu njiani ni jambo la dunia nzima. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, Charles Schweik na Robert English, walichambua takwimu za mwaka 2006 za miradi zaidi ya 100,000 ya programu huria iliyokuwa imeandikishwa katika tovuti ya SourceForge. Waliona kuwa takribani theluthi moja ya miradi hiyo ilikuwa imeachwa bila kutoa hata toleo moja. Hao walikuwa watu wenye umeme, intaneti na vitabu vya kutosha, lakini hawakufika.

Tofauti ni kwamba mtu wa Ulaya au Marekani akiacha programu yake njiani, mara nyingi mwenye hasara ni yeye mwenyewe, kwa kuwa aliifanya kama mchezo wa jioni. Kwetu programu ya namna hiyo huwa imeahidiwa kwa mtu mwenye ghala. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Katavi ina watu 1,152,958, wakati sensa ya mwaka 2012, mwaka ule ule mkoa ulipomegwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604. Mkoa ambao watu wake wameongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka kumi una wateja wapya, mashamba mapya na mikopo mipya, na daftari la zamani linazidiwa kila msimu.

Aidha, mkulima wa leo amekwisha kuzoea kuwa na namba katika kompyuta ya mtu mwingine. Tangu msimu wa 2022/23, anayetaka mbolea ya ruzuku huandikishwa katika mfumo wa Serikali na hutambuliwa kwa namba yake. Kwa hiyo swali si kama programu zinahitajika Katavi, bali ni kwa nini zile zinazoanzishwa na vijana wetu wenyewe, wanaojua tofauti ya debe na kilo na wanaojua lumbesa ni nini, hazifiki mwisho.

Shamba kubwa, jembe moja

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga mjini Mpanda anamwambia kijana kwamba anataka kujua nani ameleta magunia mangapi. Kijana anakubali. Mazungumzo yakiendelea, mwenye mashine anaongeza kwamba wapo wanaohifadhi mpunga ghalani kwa kulipia, basi hilo nalo liingie. Wapo waliokopa fedha kwa dhamana ya mpunga wao, nalo liingie. Kijana naye, kwa kutaka kuonyesha ujuzi, anasema programu inaweza kumtumia mkulima ujumbe wa simu, kupokea malipo ya mtandao, kuonyesha bei ya mchele ya Mwanza na Dar es Salaam, na hata kumkutanisha mkulima na mnunuzi bila dalali.

Katika nusu saa, swali moja la magunia limekuwa soko zima la mazao. Hakuna aliyedanganya, na kila kilichoongezwa kina maana. Lakini ni sawasawa na mtu mwenye jembe moja kufyeka ekari ishirini kwa sababu ardhi ni nzuri na mvua zimekaribia. Kufyeka hakumshindi. Palizi ndiyo itakayomshinda.

Frederick Brooks, Mmarekani aliyesimamia utengenezaji wa mfumo mkubwa wa kompyuta za IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kitabu kinachosomwa hadi leo na wanafunzi wa fani hii. Makadirio yake ni kwamba programu inayofanya kazi mikononi mwa aliyeiandika hugharimu mara tatu zaidi ikitakiwa itumike na watu wengine bila yeye kuwapo. Ikitakiwa pia ishirikiane na mifumo mingine, gharama huzidishwa tena kwa tatu. Yaani ile kazi iliyoonyeshwa kwenye kompyuta ndogo siku ya kwanza ni sehemu moja kati ya tisa.

Hapa ndipo hesabu ya muda inapokuwa chungu. Vijana wengi wanaofanya kazi hii wana shughuli nyingine ya kuwalisha: kufundisha, kutengeneza simu, kuendesha kibanda cha kuchapa na kutoa nakala. Programu huandikwa usiku. Anayepata saa mbili kwa siku nne za wiki ana saa nane kwa wiki, ambazo kwa mwaka ni kama saa 400. Ukizigawa kwa wiki ya kazi ya saa 40, mwaka mzima wa jioni ni sawa na wiki kumi tu za kazi ya kawaida. Programu inayohitaji mwaka mmoja wa kazi ya kutwa itamchukua mtu huyo miaka mitano. Katika miaka mitano kijana huoa, huhamishwa, hupata ajira Dodoma au huugua. Kompyuta yenyewe huenda isidumu muda huo.

Nusu isiyoonekana

Mfanyabiashara anapoona ukurasa mzuri kwenye kompyuta huamini kuwa kazi imekaribia kwisha. Kijana naye huamini hivyo hivyo, na hapo ndipo wote wawili hukosea. Ukurasa ni mabua ya mahindi yaliyostawi, na bado kuna kuvuna, kukausha, kupukuchua na kuhifadhi.

Umeme ukikatika wakati karani anaandika gunia la kumi na tano, je, programu inakumbuka kumi na nne? Mji wa Mpanda uliendeshwa kwa majenereta kwa miaka mingi, nje ya Gridi ya Taifa, kwa hiyo swali hili si la darasani. Karani akibonyeza kitufe mara mbili kwa sababu mtandao ni mzito, je, mkulima atahesabiwa magunia mara mbili? Wakulima wawili wakiitwa Masanja na wote wametoka kijiji kimoja, programu inawatofautishaje? Kosa likiandikwa, nani ana ruhusa ya kulifuta, na je, alama ya kufuta inabaki ili mwenye mali aione? Mkulima akikataa hesabu, ataonyeshwa karatasi gani?

Kila swali kati ya hayo ni usiku kadhaa wa kazi, na hakuna hata moja linaloongeza kitu cha kumwonyesha mwenye mashine. Ukimwita aje kuona maendeleo, ataona ukurasa ule ule wa mwezi uliopita na kuuliza mbona hakuna kilichofanyika. Kijana mwenyewe huanza kujiuliza hivyo hivyo. Kazi ya mwanzo ilimpa furaha kila jioni, lakini kazi ya mwisho inampa lawama. Watu wengi huacha hapo, na si ajabu wakaanza programu nyingine mpya ambayo bado iko katika hatua ya furaha.

Halafu kuna milango ya nje. Anayetaka kuweka programu yake katika duka la Google Play hulipa dola 25 za Marekani mara moja, na hilo si kubwa. Lakini tangu Novemba 2023, mtu binafsi anayefungua akaunti mpya hutakiwa kwanza kuwa na watu wa kuijaribu programu hiyo kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20, na Desemba 2024 idadi ikapunguzwa kuwa 12. Kampuni ya mjini hukusanya watu 12 kwenye chumba kimoja. Kijana wa Inyonga au Karema, ambaye wateja wake wengi wanatumia vitochi, atawatafuta watu 12 wenye simu janja na bando, na atawabembeleza wiki mbili wasiiondoe programu yake.

Akitaka malipo ya mtandao wa simu yaingie moja kwa moja, ataulizwa kampuni iliyosajiliwa, namba ya mlipakodi na mkataba. Akikusanya majina na namba za simu za wakulima, anakutana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume husika. Mambo haya yana sababu zake nzuri. Lakini yakimwangukia mtu mmoja kwa pamoja, tena mwishoni wakati nguvu zimekwisha, humvunja moyo.

Kilimo hupima mara moja kwa mwaka

Kuna tatizo jingine ambalo wataalamu wa Teknohama wa mijini hawalioni kwa urahisi. Programu ya duka la nguo ikiandikwa leo, kesho inaweza kujaribiwa, kwa sababu kesho watu watanunua nguo. Programu ya kupokea mpunga hujaribiwa mpunga unapopokelewa. Mavuno yakiisha, hakuna mizani inayofanya kazi, hakuna foleni, hakuna karani aliyechoka anayebonyeza mahali pasipotakiwa.

Kwa hiyo kijana aliyechelewa wiki sita tu, akamaliza Agosti badala ya Juni, hakuchelewa wiki sita. Amechelewa mwaka. Atakaa miezi mingi akiwa na programu ambayo hakuna wa kuitumia, na huo ndio muda ambao kazi nyingi huachwa. Msimu mpya unapokaribia, fundi amesahau alichoandika, na mwenye mashine amekwisha kununua daftari jipya.

Mkulima analielewa hili kuliko mtu yeyote. Aliyekosa mvua za kupandia hawezi kusema atapanda mwezi ujao. Tofauti ni kwamba mkulima huanza na tarehe ya mvua ndipo akapanga ukubwa wa shamba, wakati fundi wa programu huanza na ukubwa wa shamba ndipo akatumaini tarehe.

Sifa za mapema na hofu ya kukabidhi

Sababu nyingine inahusu sisi tunaotazama. Kijana akieleza wazo lake la kuunganisha wakulima wote wa mkoa na masoko ya nchi nzima, husifiwa papo hapo. Huitwa kwenye mikutano, hupigwa picha, na mashindano ya ubunifu mara nyingi humpa zawadi mwenye wazo kubwa lililoelezwa vizuri. Akisema ametengeneza kitu kinachohesabu magunia ya mashine moja bila kukosea, hakuna anayepiga makofi. Mtu akilipwa sifa mwanzoni, na mwisho hakuna anayemlipa chochote, tusishangae akiwa na mianzo mingi isiyo na miisho.

Zaidi ya hapo kuna hofu ambayo mafundi wenyewe hawaisemi. Programu ambayo haijakabidhiwa haiwezi kukosea. Siku inapokabidhiwa, fundi anakuwa mtu wa kupigiwa simu saa tano usiku kwa sababu hesabu imegoma na wakulima wamesimama mlangoni. Kama hapakuwa na makubaliano ya malipo baada ya kukabidhi, amejifunga kazi ya bure isiyo na mwisho. Kadiri siku ya kukabidhi inavyokaribia ndivyo anavyoona kitu kingine cha kuongeza kwanza. Kuongeza huko kunaonekana kama bidii, lakini mara nyingi ni njia ya kuisogeza mbele siku ile.

Waliofika walipunguza

Tuwatazame waliofika. Machafuko yalipozuka Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya wachache, wakiwamo Ory Okolloh, Juliana Rotich na David Kobia pamoja na Erik Hersman, waliweka kwenye intaneti ramani ambayo mtu aliweza kuiarifu tukio aliloliona mahali alipo. Waliiita Ushahidi. Kazi ya kuandika programu ilichukua siku chache tu za Januari 2008. Haikuwa nzuri wala kamili. Ilifanya jambo moja, na watu walikuwa wakiisubiri siku hiyo hiyo. Maboresho yalikuja baadaye, na mwaka 2010 programu hiyo ilitumika hata katika tetemeko la ardhi la Haiti.

M-Pesa nayo haikuanza kama tunavyoijua. Jaribio lililofanywa Kenya kuanzia Oktoba 2005, kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, lilikusudiwa kuwawezesha wakopaji kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Mambo ya vikundi na mahesabu ya taasisi yaliifanya kazi kuwa nzito. Lakini waliokuwa wakiijaribu walionekana wakiitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Waendeshaji waliweka pembeni mambo ya mikopo, wakabaki na kutuma fedha, na huduma ikazinduliwa Machi 2007. Tanzania iliipata mwaka 2008. Ile kampuni ilikuwa na fedha na wataalamu, na bado ililazimika kupunguza ili ifike. Kijana mmoja mwenye saa nane kwa wiki anazo sababu zaidi za kufanya hivyo.

Kinyume chake ni mradi wa Mmarekani Ted Nelson ulioitwa Xanadu. Mwaka 1960 alianza kufikiria mfumo wa maandishi yote ya dunia yaliyounganishwa, ambamo kiungo kati ya andiko moja na jingine hakitakatika kamwe na kila mwandishi atalipwa. Lilikuwa wazo zuri kuliko mengi yaliyofuata. Wakati akina Nelson wakitafuta ukamilifu huo, Tim Berners-Lee aliyekuwa Uswisi alipendekeza mwaka 1989 mfumo mwepesi zaidi, ambao viungo vyake vinaweza kukatika na hakuna anayelipwa. Huo ndio uliokuwa tovuti tunazozijua. Sehemu ya Xanadu iliyoweza kuonwa na watu wote ilitoka mwaka 2014, baada ya zaidi ya miaka hamsini.

Kwa wakazi wa Magharibi mwa Tanzania, funzo la namna hii halihitaji kutafutwa mbali. Abiria wa treni anayetoka Mpanda kupitia Kaliua kwenda Tabora hupita Urambo, moja ya sehemu tatu za mradi wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mradi huo ulioanza mwaka 1947 ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Hapakuwa na shamba la kutosha la majaribio lililotangulia kuonyesha udongo na mvua vitasemaje. Januari 1951 ulitangazwa kuachwa, baada ya mamilioni ya pauni kuteketea. Baadaye Urambo ilipata jina kwa tumbaku, iliyolimwa na wakulima katika mashamba ya ukubwa wanaoweza kuupalilia.

Si kila kilichoachwa ni hasara

Haki inadai tuseme na upande wa pili. Wapo waliong'ang'ania kazi kubwa peke yao wakafika. Mmarekani Eric Barone alitumia zaidi ya miaka minne kutengeneza peke yake mchezo wa kompyuta unaohusu, kwa bahati, maisha ya shambani, uitwao Stardew Valley. Ulipotoka Februari 2016 ulinunuliwa na mamilioni ya watu. Lakini wanaomtaja kama mfano husahau kwamba katika miaka hiyo mwenzake wa nyumbani alikuwa akifanya kazi ya kulipwa, na yeye mwenyewe alifanya kibarua cha muda katika jumba la maonyesho. Aidha, mchezo hausubiri mavuno, na hakuna mkulima aliyemdai magunia.

Vilevile kuacha si kosa kila mara. Kijana aliyegundua baada ya mwezi mmoja kwamba kinachotakiwa tayari kipo, au kwamba jedwali la kawaida la Excel linatosha, ameokoa fedha na muda wa watu wawili. Kinachoumiza ni kuacha kimya kimya, baada ya mwaka, huku kumbukumbu za watu zikiwa zimefungiwa kwenye kompyuta yake.

Mwenye ghala afanye nini

Ndugu msomaji, kama unayo mashine, duka au uongozi katika chama cha msingi, na umeletewa ahadi ya programu, yapo mambo ambayo hayahitaji ujuzi wowote wa kompyuta.

Kwanza, chagua swali moja. Kwa mwenye mashine linaweza kuwa: nani ana magunia mangapi ghalani leo? Kwa mwenye duka: nani ananidai, na nani namdai? Fundi akitaja jambo la pili, liandikwe kwenye karatasi ya msimu ujao. Akikasirika, mweleze kwamba unamsaidia afike.

Pili, mpe daftari la mwaka jana. Hili ndilo dawa ya tatizo la kupima mara moja kwa mwaka, na halina gharama. Aingize kurasa zote za msimu uliopita, kwa utaratibu ule ule zilivyoandikwa, pamoja na makosa yake, majina yanayofanana na mistari iliyofutwa. Jumla ya programu ikilingana na jumla mnayoijua, kuna kitu. Isipolingana, mmegundua Februari badala ya Juni, foleni ikiwa mlangoni.

Tatu, pangeni tarehe kwa kufuata mavuno, wala msianze na ukubwa wa kazi. Kama mpunga utaanza kuingia Mei, programu iwe mikononi mwa karani mwanzoni mwa Aprili, hata kama inajibu swali hilo moja tu. Kisichowahi tarehe hiyo kiondolewe badala ya kusogeza tarehe.

Nne, lipeni kwa mafungu kulingana na matumizi. Fungu la kwanza liwe dogo, la pili litolewe daftari la mwaka jana likikubali, la tatu baada ya mwezi mmoja wa kazi halisi. Kisha tengeni malipo ya kila msimu kwa ajili ya matengenezo. Mashine ya kukoboa ina fundi anayelipwa akija kubadilisha beringi, na hakuna anayetegemea aje bure. Fundi wa programu akijua kwamba kukabidhi ni mwanzo wa kipato, hataogopa kukabidhi.

Tano, msimu wa kwanza daftari na programu vitembee pamoja. Karani ataona ni kazi mara mbili, na ni kweli, lakini ni msimu mmoja. Kila Jumamosi linganisheni jumla. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakusema daftari liwe la karatasi au la umeme.

Sita, andikianeni kwamba kumbukumbu ni za mwenye biashara, na kwamba kila wiki nakala yake itatolewa kwa namna inayoweza kusomwa na mtu mwingine. Fundi akihama, akiajiriwa au akifariki, kazi ya mwingine iwe kuendeleza, isiwe kuanza upya.

Kwa vijana wenyewe neno ni fupi. Mteja mmoja wa Mpanda anayeitumia programu yako kila siku ana faida kuliko mkoa mzima unaoisubiri kwenye mchoro. Huyo mmoja atakwambia kosa lilipo, atakulipa msimu ujao, na mwenye mashine jirani yake atauliza ni nani aliyemtengenezea. Soko la mazao la mkoa linaweza kujengwa juu ya mizani moja inayoaminika, lakini halijengeki juu ya kurasa nzuri ambazo hakuna aliyewahi kupimia gunia.

Vihenge vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula vilivyopo Mpanda havikujengwa kwa mahindi ya siku moja. Lakini kila punje iliyomo ilipimwa kwanza kwenye mzani, gunia moja baada ya jingine, na mtu akaandika. Anayetaka kuingiza kompyuta katika kazi hiyo na aanzie pale pale anapoanzia karani: gunia la kwanza, jina la mwenye gunia, kilo zake. Hilo likiwa sawa kwa msimu mzima, ndipo aongeze la pili.